Fredy Mgongoni mwa Baba Yake

Idda alidhani wale wanafunzi wawili waliotoka Njombe wamekuja kununua mbao. Kumbe walikuja yadini hapo Makambako na madaftari, kuuliza vibarua wanalipwa kiasi gani.

"Kamwene, dada," alisalimia yule msichana, Lidia. "Kwa siku unapata ngapi?"

"Elfu sita," Idda alijibu kwa sauti ya chini, akiendelea kupanga mbao na kutia vijiti katikati ili zikauke. Mwanawe Fredy, wa miezi minane, alikuwa amelala mgongoni.

"Na wanaume?"

"Elfu kumi."

Alimtupia jicho mumewe, Laurenti, aliyekuwa akicheza drafti na wapakiaji wenzake wakisubiri lori. Yule mvulana, Tarsis, alipiga hesabu ya tofauti hiyo, akataja asilimia fulani. Idda hakuielewa, shule aliiachia darasa la tano. Alichojua ni kwamba tangu asubuhi yeye hajakaa na Laurenti hajasimama. Alikuwa akiliona hilo kila siku, lakini sasa lilimvuruga.

Wanafunzi walimfuata msimamizi, Nahumu, wakamuuliza kwa nini malipo hayalingani. Hakukasirika. Alikuja taratibu, mikono mfukoni.

"Mama Fredy, unataka elfu kumi?"

Akisema hapana, ataonekana mjinga. Akisema ndiyo, huenda kibarua kikaota nyasi.

"Sijui, bosi."

"Nakupa, kuanzia leo. Ila mwanamume anakuja hapa bila mtoto mgongoni. Nawe uwe hivyo hivyo." Akawageukia wanafunzi. "Haya, wasomi, andikeni."

Kalamu ya Lidia haikusogea.

Idda aliwaza. Fredy amwache wapi? Mama yake yuko mbali, Makete. Jirani naye anashinda sokoni. Na Laurenti je, yeye humwacha wapi? Alilizungusha swali hilo kichwani mara mbili. Kisha akafungua kitenge, akawaendea wacheza drafti, akamfunga Fredy mgongoni mwa baba yake.

"Mama Fredy, ndiyo nini tena?" Laurenti aliuliza, kete mkononi.

Wenzake waliangua kicheko.

"Leo unapokea sita, kaka," alisema mmoja.

"Mkewe kumi, yeye sita. Nyumbani si inaingia ileile?" alidakia mwingine.

Hilo Idda hakuwa amelifikiria. Likamchanganya zaidi. Getini lori lilipiga honi, Fredy akaamka, akadaka sikio la baba yake.

"Laurenti ni kumi, kama kawaida," alisema Nahumu. "Msituletee utani."

"Hata akiwa na mtoto?"

Idda alitazama pembeni aone nani ameuliza. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye.

Nahumu alifungua kitabu cha malipo, akakifunga. "Pigeni kazi kwanza. Jioni tutaona."

Laurenti alikaza kitenge, akainua ubao wake wa kwanza, akinyata kama aliyebeba mayai. Idda alirudi kwenye mbao zake. Hakujua kama amepandishwa au amefukuzwa. Alipoinama, mkono wake ulienda nyuma wenyewe kumshika mtoto, ukakuta mgongo mtupu.