Mashahidi wa Taesis

Mlango niliufunga mwenyewe na komeo nikalitia. Kwa hiyo nilipowaona wamesimama ndani, nilijua hawakupitia kwangu.

Miaka hiyo nilikuwa mjane, bawabu wa nyumba tuliyofanyia sala sisi Wakristo pale Oksirinko, Misri. Tauni ilikuwa imechoka kuua. Adhuhuri ile Taesis, mwosha maiti aliyehamia kwetu kutoka Koptos, alisimama mbele ya mwalimu Theonas akiomba kubatizwa.

"Baba na Mwana," Theonas aliuliza, "yupi alimtangulia mwenziwe?"

"Mwalimu, mambo ya watu na baba zao mimi siyaingilii."

Watu wakaangua kicheko. Theonas hakucheka. "Humjui unayemwamini, mama. Rudi mwakani."

"Mwakani nitakuwa hai?"

Mzee wetu Kopres akainua mkono. "Desturi inauliza na matendo pia. Nani atamshuhudia?"

"Niliowatendea hawasemi, baba," Taesis alisema taratibu.

Ndipo chumba kikapoa. Harufu ya magadi ya kuoshea maiti ikatanda, na kandokando ya ukuta, palipokuwa patupu, wakawa wamesimama watu, sanda zikiwachuruzika maji. Nilimtambua mwoka mikate wa mtaani kwetu, na binti wa mfua shaba, ambaye mama yake mzazi alimkimbia alipougua tauni.

"Alinifumba macho," alisema yule binti.

"Alinibeba mgongoni," alisema mwoka mikate.

Wa mwisho alikuwa Paniskos, mume wangu, aliyekwenda Koptos kuuza kitani asirudi. Hakunitazama. Alimtazama Taesis, akasema, "Huyu aliniita 'mwanangu'."

Kufumba na kufumbua, ukuta ulikuwa mtupu. Sakafu ilikuwa imelowa.

Theonas aliketi chini. "Mpelekeni mtoni," alisema, bila kuinua uso.

Nilimpokea Taesis alipotoka majini, nikamfunika shuka. Wenzetu walikuwa wanaimba, lakini mimi nikamvuta kando.

"Dada," nilimwambia, "yule wa mwisho alikuwa mume wangu. Alisema nini kabla hajafa?"

Alifikiri, akikamua nywele zake.

"Aliomba maji."

"Na wewe?"

Alinishangaa, kama vile nimemuuliza swali la Theonas.

"Nikampa, dada."