Chupa ya Tatu Kutoka Dirishani

Roda alikuwa kibarazani kwake Igamba akipukuchua mahindi ya mbegu, jicho la kushoto likamwonyesha rafu ya mbao iliyopangwa vichupa. Hakushtuka. Wiki ile daktari wa kliniki alikuwa amekata kipande cha kinyama kilichoota kando ya mboni ya jicho hilo, akakitia kwenye kichupa, kikaenda maabara mjini kwa basi. Kilikuwa kipande cha jicho, na kazi ya jicho ni kuona.

Daktari hakumficha. Kwa mtu anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI kama yeye, kinyama kama kile huweza kuwa saratani. Majibu yakiwahi, kinakatwa na jicho linabaki. Yakichelewa, kinaingia ndani. Bila majibu hapangiwi upasuaji.

Miezi miwili ikapita. Siku ya kliniki akamwambia muuguzi, "Sista, kipande changu kipo rafuni, cha tatu kutoka dirishani. Hakijaguswa."

"Majibu hayajaja, mama," muuguzi alisema huku akiandika. "Na wenzako wote wananiambia hivyo hivyo."

Kwenye benchi, mzee Zebedayo wa Nanyala, jicho moja limefungwa bandeji, alisogea kumpa nafasi.

"Kumbe wa tatu ni wewe! Mimi wa nne. Umenizibia dirisha, mwanangu."

"Unisamehe, baba. Sikujiweka mwenyewe."

"Basi ungepungua kidogo!"

Benchi zima likacheka, isipokuwa Gwantwa, chupa ya kwanza. Uvimbe wake ulikuwa umeshashuka shavuni.

Mwezi wa nne wa kusubiri, kope za Roda zikakataa kufumba. Amoni, mumewe, akapanda basi kwenda maabara kuulizia. Roda akiwa shambani akichuma kahawa alimwona amesimama mlango wa maabara, kofia mkononi, akimwinamia karani. Amoni alitazama rafu, chupa moja baada ya nyingine, asijue ipi ni mkewe.

"Hapa!" Roda alipiga kelele. "Baba Mercy, niko hapa!" Wachumaji wenzake waliendelea kuchuma.

Amoni alirudi kesho yake.

"Wamesema Jumatatu," alisema. "Uliniona?"

"Nilikuona. Shati limechanika kwapani, na hukuniambia nishone."

Jumatatu mkono ulikuja rafuni kweli. Roda aliweka kikapu chini, akasimama wima. Mkono uliisukuma chupa yake hadi ukutani, ukapanga nyingine mpya sita mbele yake. Zote zilikuwa zikitazama mlango.