Mikro ya Kwaya

Kisimba alisimamisha godoro la watoto ukutani, akaliegemeza kwa kiti, kisha akapiga kofi katikati ya sebule na kusikiliza. Mwangwi ulikuwa umepungua, lakini haukuwa umekwisha.

"Acha kupiga makofi, uende," mkewe Mignonne alisema. Alikuwa amefunga nusu gunia ya unga wa mahindi kwa kamba. "Unga ya kubadilisha njo hii. Haina ingine. Ulete kitu ya kutuokoa."

Kampuni ya migodi ilikuwa ikilipa mishahara kwa kuchelewa, tena kwa pesa iliyonunua mkate asubuhi na jioni ikashindwa. Kwa hiyo Kisimba, fundi wa umeme, alikuwa akirekodi kwaya za parokia hapo nyumbani, katika nyumba ya kampuni huko Dilala, kwa radio-kaseti moja na mikro ya kunasia sauti aliyoitoa ndani ya simu iliyokufa. Sauti zilitoka nzito kama zimefunikwa blanketi. Wanakwaya hawakulalamika.

Aliyelalamika ni Barnabé, mkuu wa vijana wa mtaa. Wiki iliyopita alileta vijana wake kurekodi wimbo wa kuwafukuza watu wa Kasai. Maneno hayakusikika.

"Umefanya makusudi," alimwambia. "Tunajua mama yako alizaliwa Mwene-Ditu, kule Kasai. Baba yako ni wa huku, sawa. Lakini titi ulinyonya ya wapi?"

Vijana walicheka. Katika mtaa, milango ya watu wa Kasai ilikuwa ikichorwa msalaba wa makaa. Barnabé alisema atarudi leo mchana, na safari hii kila neno lisikike.

Kila mtu alijua vifaa vizuri vilikuwa stesheni. Familia zilizofukuzwa zilikuwa zikilala pale chini ya maturubai, zikingoja treni, na zilikuwa zikiuza kila kilichokuwa kizito kubeba: mashine za kushonea, friji, milango yenye bawaba zake. Kisimba alipita katikati ya vitu hivyo bila kumtazama mtu usoni, mpaka akasikia jina lake.

"Kisimba! Hata salamu?"

Alikuwa Badibanga, aliyekuwa na studio karibu na soko. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Juu ya kitenge mbele yake alikuwa ametandaza meza ya kuchanganyia sauti, mikro mbili na kaske ya kusikilizia.

"Tata Badibanga. Sikukuona."

"Uliniona. Haizuru. Ikala chini."

Kisimba aliweka chini unga na radio-kaseti aliyokuja nayo, macho yake yakiwa kwenye ile meza yenye vitufe vingi. Kwa miaka alikuwa ameitamani.

"Ile uache," Badibanga alisema. "Inataka kuran ya umeme ya kutulia. Kwako kuran inaruka kama chura. Itaungua siku ya kwanza, na utanitukana mi niko mbali. Chukua mikro. Sasa uniambie: unarekodi nini?"

Kisimba alifungua mdomo. Mtoto mmoja alikuwa akikohoa nyuma ya turubai.

"Kwaya," alisema.

"Kwaya tu?"

"Kwaya tu, tata."

"Basi hii nyeusi hapana. Ni ya mutu wa kupiga kelele, anaiweka karibu na kinywa, haisikie kitu ingine." Akainua ile nyingine, nyembamba, ya rangi ya fedha. "Hii ina betri ndani. Unaitundika juu, batu basimame duara. Inasikia soprano, inasikia besi, inasikia mpaka mwenye kufunua kitabu. Jaribu."

Kisimba aliichomeka kwenye radio-kaseti yake na kuvaa kaske. Stesheni yote ikaingia masikioni kwa mkupuo: kikohozi, kijiko ndani ya sufuria, mwanamke akiomba Rozari kwa Kiluba cha Kasai, mzee akiuliza treni. Alivua kaske haraka.

"Unaona?" Badibanga alisema kwa fahari. "Haifiche kitu."

Kisimba alitaka kusema kwamba ile nyeusi ndiyo aliyoihitaji. Lakini angeeleza kwa nini? Alisukuma unga mbele. Badibanga hakuupima. Alimpa kaske pia, bila kuombwa, na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baimbishe muzuri," alisema.

Langoni askari alimsimamisha. "Ruhusa ya kutosha bitu inje?"

"Ni yangu, shefu. Radio niliingia nayo."

"Basi ilipe kodi yake." Askari alifungua mgongo wa radio-kaseti, akatia betri zote mfukoni, akampisha.

Mchana Barnabé alifika nyumbani na vijana wanane, wakinukia pombe ya lutuku. Umeme ulikuwapo. Kisimba aliitundika mikro darini, akawapanga duara kama wanakwaya, akavaa kaske na kubonyeza.

Waliimba vizuri. Hilo lilimsumbua. Kila neno lilisikika, bilulu warudi kwao, bilulu warudi kwao, na hata pumzi kati ya maneno. Bilulu, wadudu, ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Ubeti wa pili ulipokwisha, vijana walinyamaza kidogo kabla ya kuanza wa tatu, kama walivyofundishwa. Katika kimya hicho sauti ilipita dirishani kutoka ua wa jirani, ambako mama Simone alikuwa akifunga mizigo. Ikifika jioni, yeye na wanawe, watu wa Kasai, walipaswa kuwa wamehama.

"Mama, kwetu njo wapi?" mtoto wake aliuliza.

Kisha ubeti wa tatu.

Walipomaliza, Kisimba alirudisha kaseti nyuma na kuipiga kwa spika ndogo ya radio. Vijana walijisikia wenyewe tu, wakaanza kupiga kelele na kuelekezana vidole. Barnabé alitikisa kichwa kwa mdundo.

"Sasa njo sauti! Iko sawa, fundi? Ama turudilie?"

Kurudia kungekuwa rahisi. Baada ya saa mbili nyumba ya jirani ingekuwa tupu na kimya kingekuwa kimya. Mignonne alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alikuwa amemsikia mtoto ndani ya kaseti; Kisimba alimwona amejifunika mdomo kwa kanga. Akamtikisia kichwa mumewe, polepole: irudiwe.

"Iko sawa, shefu," Kisimba alisema.

"Kesho tunaipitisha na mutuka ya baparleri za kupaza sauti. Dilala yote, mpaka stesheni."

"Ngoja kwanza."

Alitoa kaseti, akachukua kisu cha mezani, akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake.

"Unafanya nini?" Barnabé aliuliza.

"Ili mutu asiweze kurekodi juu yake."

Barnabé alicheka, akampiga begani. "Uko mutu wa kazi," alisema, akaitia kaseti mfukoni na kutoka na vijana wake.