Nyumba Isiyo na Chini

Masudi aliuleta mchezo ule kutoka Bujumbura, mashine ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni, akamwonyesha mkewe Jamila mara moja tu, kisha akapanda gari la moshi kwenda Kibombo kununua mpunga. Kwenye kioo kulikuwa na kijitu cheupe ndani ya nyumba. Ukibonyeza kitufe, ukuta uligeuka sakafu na kijitu kikaangukia huko. Ukikosea, kilitoka nje ya nyumba, kikaanguka gizani, kikaanguka, kikaanguka, mpaka kikaingia tena kwa juu. Hakikufa kamwe. Hilo ndilo lililomtisha Jamila. Afadhali kingekufa, mtu akajua yamekwisha.

Lakini kuacha hakuacha. Kulikuwa na mlango darini uliomshinda, na jioni umeme uliporudi akapata wazo la kuchekesha. Alimwita jirani yake Mwanahamisi, wakaishika televisheni huku na huku, nzito kama gunia la chumvi, wakaipindua miguu juu. Dari ikawa sakafu. Mwanahamisi akarudi kwenye sufuria zake, na Jamila akaingia mlangoni akicheka peke yake. Ng'ambo ya mlango kulikuwa na nyumba ile ile, na nyuma yake nyingine, na nyingine, hadi macho yakamwuma. Kicheko kikamkauka.

Mara akasikia kikohozi cha Citoyen Onema barazani.

Onema alikuwa mkubwa wa chama mtaani, chama kilichotaka watu waitane citoyen, yaani raia, na mtaa mzima televisheni ilikuwa hiyo moja. Kila jioni alikuja kutazama habari, na kila jioni, kabla ya habari, sura ya Mkuu wa nchi ilitokea kiooni, katikati ya mawingu, ikashuka taratibu. Leo ingetokea kichwa chini, kama kuku anayepelekwa sokoni. Abedi, shemeji yake Jamila, alichukuliwa na askari mwaka jana kwa sababu alifungia samaki gazeti lenye sura hiyo hiyo. Mpaka leo hajarudi. Na televisheni ni ya Masudi. Wangemngojea pale pale stesheni, na mpunga wake mgongoni.

"Hodi, Mama Sudi. Habari haijaanza?"

"Karibu, citoyen. Bado kidogo."

Jamila alivua mtandio akautupia juu ya ile miguu, kana kwamba joto limemzidi. Kuipindua televisheni peke yake hakuweza. Kumwomba Onema amsaidie ni kujipeleka mwenyewe. Akiizima, angeulizwa kwa nini.

Onema aliketi, akaikunjua abakosti yake, koti la watu wa chama, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hii njo nini?"

Hapo Jamila akaona pa kupenyea. Mle ndani ya mchezo hakuna juu wala chini. Ukiutazama miguu juu au miguu chini, ni mamoja.

"Muchezo ya Papa Sudi. Muntu huyu anatafuta mulango. Ujaribu, citoyen."

"Na habari?"

"Ujaribu kwanza."

Akakishika kidude cha vitufe, akajaribu, akaanguka. Akafyonza, akajaribu tena. Jamila alisimama nyuma yake akisoma dua moyoni, asiuone mlango, Mungu wangu, asiuone. Alipoukaribia, alimwambia, "Kuume, citoyen," na kuume kulikuwa na shimo. Akaanguka tena. Redio ya kwa Mwanahamisi ikaanza wimbo wa habari. Mabega ya Onema yakasita. Kisha Onema akabonyeza kitufe, kijitu kikaanguka, na habari zikasomwa nyumba ya pili hadi zikaisha.

Onema akaweka kidude chini polepole.

"Leo Mukubwa alisema nini?"

Jamila akainama kukiokota kidude.

"Alisema tufanye kazi," Onema akajijibu mwenyewe. "Kila siku anasema tufanye kazi. Tuliangalia hapa, mimi na wewe. Njo vile?"

"Njo vile, citoyen."

Mlangoni akasimama bila kugeuka. "Ile miguu niliiona tangu kuingia. Kama ningeona sura yake kichwa chini, ilikuwa lazima niseme. Nisiposema, wanachukua mimi. Niko na watoto, Mama Sudi."

Alipoondoka, Jamila alikimbia kumwita Mwanahamisi waigeuze televisheni haraka, kabla mwingine hajapita. Mwanahamisi akaja akijifuta mikono, akashika upande wake, lakini hakunyanyua.

"Leo kwenu sikusikia habari," akasema.

Huyu ni rafiki yake wa miaka mingi, na siku zote wameambiana kila kitu. Jamila akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza akamwogopa.

"Tuliangalia," akasema. "Mimi na citoyen."

Mwanahamisi akautoa mtandio, akaitazama miguu ya televisheni, bado iko juu.

"Vile vile namna hii, miguu juu?" akauliza.

Jamila akashika upande wake wa televisheni, akanyanyua peke yake, nayo haikusogea.