Kibati cha Sita

Haya, nikutegee: nyumba yangu ina milango mia mbili, lakini haina hata kitanda cha kulala mtu. Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni maghala ya kukodi ya mzee Krantz, mwisho wa mji wa Elk Prairie, Minnesota, safu kwa safu za vyumba vya bati ambamo watu huweka vitu visivyowaenea nyumbani.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, wazimamoto wa kujitolea walikuwa kituoni wakiwapikia watu wa mji chapati za maji. Moshi ukaonekana kwa Krantz. Wakaacha moto mdogo, wakaenda kwenye mkubwa.

Kapteni Marlys Haugen alikusanya vibati vya majina, maana kwao hakuna anayesogelea moto kabla hajamkabidhi kapteni kibati chake. Walishuka garini watano. Vibati vilikuwa sita. Marlys hakuhesabu mara ya pili. Cha sita kilikuwa cha Duane Sletten, aliyekufa pale pale kwa Krantz miaka miwili nyuma, mlango wa bati uliposhuka nyuma yake ukamfungia ndani. Tangu hapo hajakosa moto wa kwa Krantz hata mmoja.

"Umechelewa, Duane," alisema Ilse, mama wa watoto wawili, akivuta mpira wa maji.

"Nyie mlikuwa mnakula. Mimi nani ananibakizia?" Kisha akamgeukia Marlys, akauliza lile lile la siku zote. "Kapteni, siku ile ulinituma nikaokoe nini?"

Marlys alifunga mkanda wa helmeti yake.

Duane akapita mlango hadi mlango, akigonga bati kwa kidole. "Hiki kina mitungi ya gesi, minne. Hiki risasi, maboksi kwa maboksi. Hiki magodoro tu, na wigi." Ilse akawa anafuata nyuma na chaki, akiweka alama milangoni.

Krantz akaja mbio, shati nje. "Mnangoja nini? Ingieni basi! Kuna mali za watu mle!"

"Mali gani?" Marlys alimwuliza.

"Nitajuaje? Mimi siulizi. Mtu analeta kufuli lake, yamekwisha."

Mlango wa chumba kinachofuka ulikuwa umeinuka nusu. Ilse alishavaa barakoa ya hewa, na mguu wake mmoja ulishavuka kizingiti. "Kapteni, naingia?"

"Rudi. Mle hamna mtu. Tunapiga maji kutoka huku."

"Na vitu vikiungua?"

"Viungue."

Ilse akarudi hatua thelathini, akipiga maji. Mitungi ikalipuka, mmoja, kisha mitatu kwa pamoja, na ule mlango ukaruka ukatua ng'ambo ya barabara.

"Loo, chapati zangu nazo zimeshaungua," akasema Ilse.

Mchana moto ulizimika. Krantz alikuwa ofisini akimkodishia chumba mtu mwenye trela, na hakumwuliza limebeba nini. Halmashauri ya mji ilishapiga kura mara mbili kwamba si lazima kuuliza.

Marlys akarudisha vibati. Cha Duane akakishika, hakukiachia.

"Mti wa Krismasi wa plastiki," alisema. "Na maboksi matatu ya vyombo. Nilishaambiwa hamna mtu ndani, Duane. Nikakutuma hivyo hivyo."