Sahihi ya Thelathini

Msusi alisimama mlangoni pa duka la simu akasoma bango: WIFI YA BURE. Akacheka peke yake mpaka mlinzi akamgeukia. Ya bure! Yeye wifi yake alimgharimu ndoa. Na wifi mwenyewe yule pale ndani, nyuma ya meza ya kioo, kajifunga skafu ya kampuni shingoni, anatabasamu meno yote nje.

Huyo alikuwa dada wa aliyekuwa mumewe. Mwaka juzi aliikuta simu ya msusi mezani, ikaingia meseji kutoka kwa mtu aliyeandikwa Kidume: "Jana umeniumiza lakini nimependa. Leo narudi tumalizie." Basi! Badala ya kuuliza, akaipiga picha, akairusha kwenye kundi la ukoo. Kumbe Kidume ni mwanamke mzima, dereva wa lori mwenye mabega mapana, mteja wa rasta ndogondogo zisizomalizika kwa siku moja. Kidume alikwenda mwenyewe kujieleza ukweni kwa msusi, kichwa nusu kimesukwa, nusu timutimu, wakasema amepangwa. Wiki haikuisha, msusi akarudishwa kwao na begi moja.

Sasa leo. Keshia wa duka hilo husukwa kwa msusi, na kwenye kiti cha saluni hakuna siri inayokaa. Ndiye aliyemwaga mchele: wifi yuko kwenye majaribio, anatakiwa awe na mikataba thelathini kabla duka halijafungwa leo, la sivyo kazi hana. Anayo ishirini na tisa. Msusi aliposikia hivyo alifunga saluni mchana kweupe, akaoga, akapaka wanja.

"Karibu sa..." wifi akaanza, kisha akamtambua. "Wifi! Za siku?"

"Nzuri. Nimekuja kuchagua simu."

Na kweli alichagua! Alitaka yenye kamera ya kuonyesha vizuri mistari ya kichwani, ikaletwa. Hii nzito. Ile inateleza. Ile nyingine inampiga picha mtu mweusi akatoka kama kapakwa unga. Ikaletwa ya tano, ikarudishwa ya kwanza. Wifi akapanda ngazi, akashuka, akapiga magoti kutafuta chaja kwenye droo ya chini, na msusi akamwangalia kisogoni kwa raha zake. Utamu alioupata hapo, jamani, asali haioni ndani.

Mwishowe akaishika ile ya kwanza. Hapo hakuwa anaigiza, aliitaka kweli.

"Ukisaini mkataba unaondoka nayo leo," wifi akasema haraka. "Unalipa kidogo kidogo kila mwezi, miaka miwili, na vifurushi vya intaneti humohumo."

"Na nikichoka katikati?"

"Hauvunjwi hivihivi, wifi. Ukiuvunja unalipa yote yaliyobaki."

"Loo, mkataba una heshima huo! Wangu ulivunjwa kwa meseji moja."

Wifi akajifanya hakusikia, akavuta fomu. Jina. Kazi. Mtaa. Kisha kalamu ikasimama.

"Mbona umekwama? Soma."

"Hali ya ndoa," wifi akasema kwa sauti ya chini.

"Andika ameachwa. Andika vizuri, isomeke."

Akaandika. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Nilijua," akasema. "Kidume alipokuja na kile kichwa, nilijua nimekosea. Niliona aibu kurudi nyuma. Nisamehe."

Miaka miwili msusi alikuwa akilisubiri neno hilo, na lilipokuja halikumtosha hata robo. Kuna mtu mwingine aliyetakiwa kulisikia. Alitaka yule bwana ajue kwamba alimfukuza mke asiye na kosa, ajute mpaka usingizi umpae.

"Mwambie kaka yako," akasema, akaisogeza ile simu. "Sasa hivi, kwa hii hii, weka spika. Ukishamwambia, nasaini."

Wifi akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi. Akaweka laini yake, akapiga, akaeleza yote bila kujitetea.

Upande wa pili mwanamume akacheka kidogo. "Sasa hilo ndilo la kunipigia kazini? Mimi nilijua siku ileile. Yule Kidume si nilimwona kwa macho yangu? Nilikuwa natafuta pa kutokea tu, wewe ukanifungulia mlango." Akakata.

Msusi akashika ukingo wa meza. Damu ilimpanda kichwani mpaka masikio yakamlia. Shenzi yule! Yeye alikesha akijiuliza angemweleza vipi akamwamini, kumbe mwenzake alishaamini zamani.

"Amenitumia," wifi akasema, sasa analia waziwazi. "Wifi, kaka amenitumia!"

"Ndiyo, kakutumia. Na zamu yake inakuja, nitamfuata mwenyewe. Lakini ile picha hakuirusha yeye."

Meneja akatokea nyuma na bunda la funguo. "Vipi, huo wa thelathini tayari?"

Wifi akamsukumia msusi kalamu kwa mikono miwili. "Uliahidi, wifi. Ulisema nikimwambia utasaini."

"Hata mimi niliahidiwa," msusi akasema. Akaifunika kalamu kifuniko chake, akamkabidhi meneja fomu, mahali pa sahihi papo patupu.