Sabuni ya Kumi na Tatu

Mashine mpya ya kupakia sabuni ilikuwa na mkono mmoja na reli tatu: moja ya kulia na kushoto, nyingine ya mbele na nyuma, ya tatu ya juu na chini. Akili haikuwa nayo. Fundi mitambo, binti aliyechomeka bisibisi nyweleni, alieleza kwamba hufundishwa kama mtoto kushika kalamu: unaushika mkono wake, unapakia naye katoni moja, yeye anakariri.

"Nani ana mkono mwepesi hapa?"

Wote wakamwonyesha Chapchap. Miaka ishirini anapakia! Akaushika mkono ule kwa madaha, akajaza katoni huku akipiga mluzi, kisha akaenda zake kunywa chai.

Kesho yake Mama, mwenye kiwanda, akaja kushuhudia. Mashine ikapakia dazeni nzima, kila sabuni mahali pake. Chapchap akavimba kichwa. Mara mkono ukainua ya kumi na tatu, ukatambaa pembeni, ukashuka hadi usawa wa nyonga ya mtu, ukaiachia. Pwaa! Sakafuni.

Chapchap akarudi nyuma hatua moja. Jana, mahali pale pale, palikuwa na mfuko wa koti lake. Mazoea yana laana: mkono wake ulikuwa umeiba bila hata kumwomba ruhusa.

Katoni ya pili ikajaa. Pwaa!

"Mbona inatupa?" Mama akauliza.

"Haitupi, Mama. Inafanya ilivyofundishwa," binti akajibu, macho kwenye lile koti. "Si ndivyo, mjomba?"

Chapchap akaona kibarua chake kikiota nyasi.

"Ukaguzi!" akaropoka. "Kila dazeni natoa moja, Mama. Napima povu, nanusa. Nitamuuziaje mtu kitu nisichokijua?"

"Miaka yote hii, kimyakimya?"

"Kimyakimya, Mama."

Binti akapaliwa na kicheko, akajidai anakohoa.

"Wema haufichwi," Mama akasema. "Mleteeni meza hapo zinapoangukia, na karai la maji. Leo nataka nikuone ukikagua."

Kufikia saa sita Chapchap alikuwa amenawa kwa sabuni ya themanini, vidole vimenyauka, povu hadi kwenye viwiko. Mama kavuta kiti, daftari mapajani.

"Hiyo?"

"Nzuri, Mama."

"Harufu?"

Chapchap akapiga chafya tatu. "Nzuri mno."

Binti akamwinamia sikioni. "Mjomba, nipunguze mwendo?"

"Punguza, mwanangu, nakuomba."

Binti akauongeza.